Tatu Nane na Moja

Mwalimu Rutagengwa alikuwa na orodha ndefu ya watu aliowadharau, na kwa kuwa alikuwa amestaafu, alipata muda wa kutosha wa kuitunza. Aliwadharau wanaosema wamejitolea kwa asilimia mia moja na kumi. Aliwadharau wanaochomoa simu mfukoni ili kujua saba mara nane. Lakini juu kabisa ya orodha alikaa kijana mmoja aitwaye Igor, mkuu wa idara ya hesabu katika shule ya binafsi iliyokuwa ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na baraza yake, pale Rugerero, unapoteremka kwenda mjini Gisenyi.

Rutagengwa alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Alianzia Karagwe, Tanzania, ambako wazazi wake walikimbilia akiwa mgongoni, kisha akarudi Rwanda na kuendelea hapa Rubavu mpaka nywele zilipogeuka nyeupe. Shule ile ilipofunguliwa, alivaa koti, akavuka barabara, akamwambia mwenye shule, Madamu Jolly, kwamba yuko tayari kufundisha vipindi viwili kwa wiki, bure. Jolly, mama mrefu aliyerudi kutoka Kampala, alimkalisha kwenye kochi linalomeza watu na kumwomba alete wasifu wake ulioandikwa kwa kompyuta. Baada ya wiki mbili ulikuja ujumbe wa simu: shule inashukuru sana, ila inatafuta walimu wenye nguvu mpya.

Nguvu mpya ndiyo huyo Igor. Alikuja kujitambulisha kwa jirani yake, kwa adabu zote, amevaa tai yenye michoro ya namba.

"Mzee, siku hizi hatukaririshi," alisema akipokea kikombe cha chai. "Tunamfanya mtoto aipende namba."

"Na wewe unazipenda?"

"Sana!"

"Basi niambie, tisini na moja ni namba tasa?"

Namba tasa, kwa yeyote aliyesahau shule, ni ile isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Igor hakufikiri hata kidogo. "Tasa, mzee," alijibu akitabasamu.

Saba mara kumi na tatu ni tisini na moja. Rutagengwa alijua hivyo kabla ya kuota ndevu. Alimwongezea chai mgeni wake, akamwongezea na sukari, akamsindikiza mpaka barabarani. Kumsahihisha mtu, aliamini, ni kumpa heshima, na Igor hakuwa amefikia kiwango hicho.

Miaka ikapita hivyo, mmoja akiwa darasani na mwingine barazani. Kisha Jumanne moja, mchoraji wa mabango aitwaye Bahizi akaegemeza ngazi yake kwenye ukuta wa mbele wa ile shule.

Ukuta huo ulikuwa wa mawe meusi ya volkano, umepigwa lipu na kupakwa rangi nyeupe, mrefu kutoka kona mpaka getini. Bahizi alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mzaliwa wa Goma, upande wa Kongo, aliyekuwa ameandika nusu ya vibao vya maduka na saluni za mji ule. Kabla hajafungua kopo la rangi, alivuka barabara kuomba maji ya kunywa. Alipomaliza kunywa, akatoa karatasi mfukoni.

"Mwalimu, we ulifundishaka hesabu, si ndiyo? Angalia hii. Iko sawa?"

Rutagengwa alivaa miwani. Karatasi ilikuwa na mwandiko wa wino wa kijani. Katikati kulikuwa na namba 333333331, tatu nane na moja mwishoni, na chini yake, kwa Kiingereza, maneno ya kusema kwamba namba hii haigawanyiki, na shule hii pia haigawanyiki. Tatu ya kwanza kabisa ilikuwa imebanwa pembeni, nyembamba kuliko nyingine, kama abiria aliyechelewa.

"Hii ya mbele imeongezwa," alisema.

"Ndiyo. Ilikuwa tatu saba na moja. Bon, Madamu akaangalia ukuta, akasema namba iko fupi, haifiki kwa geti. Donc mwalimu Igor akashika kalamu, akaongeza moja hapo hapo mbele yangu. Nilimuuliza, haina shida? Akasema hapana, hata ukiongeza tatu kumi, ni ile ile."

Rutagengwa aliishika ile karatasi kwa vidole viwili. Namba hizo alikuwa anazijua vizuri. Kule Karagwe, kila mwaka, alikuwa anawatega nazo vijana waliojiona wajanja. Thelathini na moja ni tasa. Mia tatu thelathini na moja ni tasa. Ongeza tatu mbele, tasa. Ongeza tena, tasa. Na tena na tena, mpaka tatu zifike saba, zote ni tasa. Hapo kila mjinga hupiga kelele kwamba amegundua kanuni. Ndipo Mwalimu huongeza tatu ya nane, akampa chaki, akamwambia agawanye kwa kumi na saba.

Alifanya hesabu hiyo pale pale kichwani, kwa raha tu, kama mtu anayepapasa kisu mfukoni. Kumi na saba katika thelathini na tatu, mara moja, baki kumi na sita. Katika mia sitini na tatu, mara tisa, baki kumi. Katika mia na tatu, mara sita, baki moja. Katika kumi na tatu, hamna. Katika mia thelathini na tatu, mara saba, baki kumi na nne. Mia arobaini na tatu, mara nane, baki saba. Sabini na tatu, mara nne, baki tano. Na mwisho hamsini na moja, mara tatu kamili. Baki sifuri. Namba yenye tarakimu tisa, iliyokusudiwa kuwatisha wapita njia, inaangushwa na kumi na saba!

"Iko sawa?" Bahizi aliuliza tena.

Rutagengwa alimtazama. Aliona suruali iliyojaa matone ya rangi na kiatu kilichofungwa kwa waya. Mtu huyu, alijiambia, ataelewa nini?

"Karatasi inasema tatu nane na moja," alijibu. "Wewe paka tatu nane na moja."

"Asante, Mwalimu."

Kwa siku tatu Rutagengwa alikaa barazani na kutazama. Hakuwa amepata burudani kama ile tangu astaafu. Kwanza Bahizi alipiga mistari kwa uzi wa chaki. Kisha akachora kila tatu kwa penseli, akashuka, akavuka barabara kuiangalia kwa mbali, akarudi kusahihisha tumbo la chini lisizidi la juu. Tatu ya tano aliifuta na kuianza upya kwa sababu ilikuwa inainama. Alipopita karibu na baraza alisalimia, "Mwalimu, zinaonekana muzuri?" na Rutagengwa akajibu, "Zinaonekana vizuri sana," huku moyoni akihesabu siku zilizobaki mpaka Ijumaa.

Ijumaa ilikuwa sherehe. Mahema mawili yalisimamishwa mbele ya ukuta, wazazi wakaja na magari yao, mgeni wa heshima akakalishwa kwenye kiti chenye kitambaa. Rutagengwa alialikwa kama jirani, akapewa kiti cha mstari wa mbele na Fanta. Alivaa lile lile koti. Bahizi alisimama pembeni kwenye nguzo ya hema, naye amevaa shati safi, kwa maana Madamu alikuwa ameahidi kumtaja.

Igor alipewa kipaza sauti. Alizungumza Kinyarwanda na kukichovya kwenye Kiingereza kila baada ya maneno manne. Alieleza maana ya namba tasa, na kwa kweli aliieleza vizuri, jambo lililomuudhi kidogo Rutagengwa. Kisha akaonyesha ukuta.

"Ongezeni tatu mbele mpaka mchoke!" alisema. "Haitagawanyika kamwe. Na sisi ni hivyo hivyo!"

Watu walipiga makofi. Walipiga makofi wanasheria na wauguzi, wenye maduka na makarani wa mpakani, watu waliosoma mpaka vyuo vikuu, na hakuna hata mmoja aliyekunja uso. Rutagengwa aliwatazama na kuona kwamba orodha yake ilikuwa fupi mno. Akainua mkono.

Jolly alisita, lakini mzee ni mzee. Kipaza sauti kikaletwa.

"Ninawapongeza," alisema Rutagengwa taratibu, kwa sauti ile iliyokuwa inatuliza darasa la watu sitini. "Ukuta ni mweupe, na rangi ni nzuri. Ila hiyo namba inagawanyika kwa kumi na saba. Jibu ni milioni kumi na tisa, laki sita na elfu saba, mia nane arobaini na tatu. Mwenye simu na ajaribu."

Akaketi, akanywa Fanta.

Dakika hiyo alikuwa ameingoja miaka. Simu zilitoka. Baba mmoja nyuma akacheka, kisha mwingine, kisha hema zima. Mgeni wa heshima mwenyewe aligonga kioo cha simu yake, akainua macho kuutazama ukuta, akaziba mdomo kwa programu ya sherehe. Igor alikuwa amebadilika rangi. Midomo yake ilitembea ikigawanya bila sauti, na hata wakati huo, Rutagengwa aliona, alikuwa anakosea.

Ndipo Jolly aliposimama. Alichukua kipaza sauti, akageuka polepole, akamtazama Igor, kisha akamtazama Bahizi.

"Mwalimu Igor, wewe uliandika tatu ngapi?"

Igor alishika tai yake. "Saba," alisema.

"Saba. Na ukutani ziko nane." Jolly alitabasamu kama mama mwenye mtoto mtukutu. "Jamani, mafundi wetu! Tutawafundisha na wao kuhesabu."

Kicheko kilirudi, kikubwa kuliko cha kwanza, na sasa kilikuwa kimepata mtu wa kumwangukia. Hakuna aliyekumbuka kwamba dakika tano tu zilizopita Igor alisema waongeze tatu mpaka wachoke. Bahizi alifungua mdomo. "Karatasi..." alianza, lakini hakuwa na kipaza sauti, na karatasi yenyewe alikuwa amemrudishia Igor tangu Alhamisi. Akazungusha macho katika mahema yote mawili, na yakasimama kwa Rutagengwa.

Rutagengwa aliyaona. Alijua anaombwa nini. Alifikiri: nimeshasema la hesabu, na hesabu imekwisha, nani alimtuma nani kuongeza nini, hayo ni mambo ya umbea. Alifikiri pia kwamba akisimama tena ataharibu alivyosema mara ya kwanza, na alikuwa amesema vizuri sana. Akageuza shingo, akamwomba mhudumu amletee Fanta nyingine.

Kesho yake asubuhi ngazi ilirudi ukutani. Bahizi alikuwa anaifuta tatu ya kwanza kwa rangi nyeupe. Safari hii hakuja kuomba maji, akawa anakunywa kwenye chupa aliyokuja nayo. Ilipofika saa nne Rutagengwa alishindwa kukaa, akavuka barabara mwenyewe.

"Kazi inaendelea?"

Bahizi hakushuka. "Mwalimu, ile karatasi ulisoma."

"Niliisoma."

"Ulijua iko mubaya?"

"Nilijua siku ile ile. Kabla hujafungua kopo."

"Na jana, wakati watu wananicheka, ulijua ni nani aliongeza tatu."

"Nilijua. Lakini bwana Bahizi, ungeelewa..."

"Mi sikusoma," Bahizi alisema, bila kupandisha sauti. Alichovya brashi, akaikamua ukingoni mwa kopo. "Mi nilikuuliza. Siku tatu ulikaa pale kunitazama kama mutu anaangalia mupira. Nilifikiri we ni mutu mukubwa. Kumbe we ni mutu wa kujua tu." Akageukia ukuta. "Toka hapo chini, rangi itakudondokea."

Rutagengwa alirudi barazani. Alikuwa amedharauliwa mara nyingi maishani: na wakubwa wa elimu, na watoto wa matajiri, na Jolly kwa ujumbe wa simu. Siku zote alikuwa na jibu, kwamba hao wanaomdharau hawajui. Siku hiyo alilitafuta hilo jibu mpaka chakula kikapoa, asilipate.

Jumatatu alikwenda ofisini kwa Jolly na kukaa tena kwenye lile kochi. Akaeleza yote: karatasi, wino wa kijani, tatu iliyobanwa pembeni. Jolly alimsikiliza mpaka mwisho.

"Najua, mzee," alisema. "Igor aliniambia jioni ile ile. Alilia."

"Basi safisha jina la yule fundi."

"Fundi ameshaondoka. Igor bado yuko, na wazazi mia tatu wanamjua kwa jina." Aliangalia saa yake. "Ukuta sasa uko sahihi?"

Tatu saba na moja. "Uko sahihi," alikiri.

"Basi asante kwa kutusahihisha."

Alipokuwa anashuka ngazi alijaribu kumpangia Jolly nafasi kwenye orodha. Alistahili kuwa juu ya Igor, hilo halikuwa na mjadala. Lakini yeye Jolly alikuwa amedanganya ili kuilinda shule yake. Rutagengwa alinyamaza ili kulinda nini? Aliacha kupanga.

Wiki mbili baadaye, akiwa kwa kinyozi, alisikia watu wakisimulia habari za mchoraji asiyejua kuhesabu tatu. Kinyozi alikuwa na nyongeza: Mukandori, yule mama mwenye duka la mikate kule Mahoko, alikuwa ampe Bahizi bango jipya, lakini amemkatalia. Bango lina namba yake ya simu, na nani atamwamini mtu yule na namba? Wote wakacheka. Rutagengwa aliinuka kichwa kikiwa kimenyolewa nusu, akakaa tena, akamwambia kinyozi afanye haraka.

Alipanda basi mpaka Mahoko. Ilikuwa siku ya soko, na mbele ya duka la Mukandori kulikuwa na foleni ya wanawake wenye vikapu. Mukandori mwenyewe alikuwa kaunta, mama mnene mwenye unga mpaka viwikoni, naye pia mtu wa Goma. Rutagengwa alipita pembeni ya foleni, akajitambulisha, akaanza kueleza namba tasa ni nini.

"Hiyo sitaki," Mukandori alimkata. "Ile tatu, Bahizi aliiongeza ao hakuiongeza?"

"Hakuiongeza. Mwalimu wa shule ndiye aliyeiongeza, kwa mkono wake. Karatasi niliisoma mimi."

"Na siku ya sherehe we ulikuwa wapi?"

"Kiti cha mbele."

"Na hukusema."

"Sikusema."

"Sababu?"

Ndani ya basi alikuwa ameandaa sentensi tatu nzuri kuhusu ukweli wa hesabu na ukweli wa watu. Foleni yote ilikuwa imenyamaza kumsikiliza. Zile sentensi aliziona zilivyo, akaona haya kuzitoa.

"Niliwadharau wote waliokuwa pale," alisema. "Na yeye nikamweka humo humo."

Mukandori alimtazama kuanzia kichwa kilichonyolewa mpaka viatu. "Mutu wa miaka yako," alisema, na kwa sauti ya huruma kabisa, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. Akafuta vidole kwenye aproni, akapiga simu na kuiweka sauti juu.

"Bahizi? Kuna muzee hapa anataka kukuambia kitu. Mbele ya wateja yangu."

Akamsukumia simu. Rutagengwa alisema tena yale yale, sasa kwa aliyeyajua tayari. Alisema kwamba karatasi ilikuwa na tatu nane, kwamba Bahizi alipaka alichopewa, kwamba yeye alijua na akanyamaza mara mbili. Mwisho akaongeza, "Nisamehe."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za pikipiki.

"Mwambie Mama Mukandori nitakuja Jumatano," Bahizi alisema. "Namba yake ya simu aiandike yeye mwenyewe kwa karatasi, na aweke sahihi chini."

"Nitamwambia. Na mimi, bwana Bahizi, ningependa siku hiyo nije ni..."

Simu ilikuwa imekatika.

Mukandori aliirudisha mfukoni, akageukia mteja aliyekuwa anangoja. Rutagengwa alibaki amesimama pale kaunta, hajui aage vipi. Mwishoni alisema angependa kununua mkate mmoja.

"Mikate iko," Mukandori alisema bila kumwangalia. "Lakini hawa wamama wako hapa tangu asubuhi. Foleni inaanzia kule."

Rutagengwa aliinamisha kichwa kwa wanawake wote wale, akatembea mpaka mwisho wa foleni, akasimama nyuma ya mama mwenye kikapu cha karoti.